Jina la Kuchukulia Dawa

Mlio mmoja wa kikombe cha bati kikigonga sakafu, usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1957, ndio uliomwamsha Limi, na alipowasha taa alimkuta mumewe, ambaye leo tunamzika, ameketi kitandani akihema, mkono ungali umenyooshwa kutafuta maji.

Marehemu alizaliwa Mhunze mwaka 1906, akachunga ng'ombe wa baba yake, akasoma kwa wamisionari hadi darasa la nne, kisha mwaka 1937 akaenda kuchimba dhahabu Geita, na tangu 1945 alikuwa fundi wa pampu kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, kazi aliyoifanya bila kuonywa hata mara moja. Alifunga ndoa na Limi tarehe 13 Juni 1931, wakajaliwa mtoto mmoja, Mbuke, ambaye ameolewa Rwamgasa. Kwa heshima aliyofunzwa na mama mkwe, Limi hakulitamka kamwe jina la mumewe, alimwita Baba Mbuke, naye marehemu alizoea kumtania kwamba siku akipotea porini atatafutwa kwa filimbi.

Mwaka 1955 miguu ilianza kuvimba na pumzi kukatika, na daktari wa hospitali ya mgodi akaeleza kuwa moyo umepanuka, tena kwamba nusu ya wanaume wa wodi yake walikuwa na ugonjwa wa moyo, na wengi walirudishwa kwa machela kwa kuwa waliacha vidonge mara uvimbe ulipopungua. Marehemu hakuacha. Kila mwezi Limi alikwenda kwenye dirisha la dawa, na kwa sababu dresa, mhudumu wa dawa, hakutoa vidonge bila kutajiwa jina la mgonjwa, alipatana na Nyamizi, ambaye mumewe naye aliugua moyo, kila mmoja amtaje mume wa mwenzake, kisha nje wakabadilishana vifurushi wakicheka, Nyamizi akimwambia Limi:

"Haya dada, mchukue mume wako, mimi nimemchoka!"

Oktoba mwaka huu mume wa Nyamizi alifariki, na Limi akasimama dirishani peke yake. Dresa alipomuuliza jina, akajibu, "Baba Mbuke."

"Mama, akina Baba Mbuke wamejaa Usukuma nzima, huyu wako wazazi hawakumpa jina?"

Foleni ikacheka, naye akarudi mikono mitupu, akamwambia mumewe kwamba vidonge vimekwisha hospitalini. Wiki ya pili miguu ilivimba tena, na alfajiri ile ya Novemba marehemu akakata roho. Limi alimuuliza daktari kama ni kwa ajili ya vidonge, na daktari akamwandikia cheti cha kifo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, mafundi wenzake wa pampu, na Nyamizi, aliyeuacha msiba wake akaja kwenye huu. Limi ameomba habari ya dirisha isomwe yote, ili kina mama wenye wagonjwa nyumbani waisikie, na neno la mwisho ameomba aliseme mwenyewe mbele ya wakwe zake, nao wamekubali, kwa hiyo sasa anasimama.

"Pumzika kwa amani, Nkwabi."