Daktari Mbona na Figo Zilizokataa Kufeli

Tarehe thelathini mwezi huu, mkuu wa wodi yetu ya wagonjwa mahututi anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na miwili. Barua rasmi humwita Daktari Bingwa wa Figo. Sisi wa wodini humwita Daktari Mbona, na jina hilo tunaliandika hapa kwa ruhusa yake, tuliyoiomba mara mbili.

Alilipata kwa haki. Mbona mkojo wa huyu umepungua na maji anapata? Mbona presha inashuka na hakuna aliyeshtuka? Siku moja alimuuliza fundi umeme mbona taa ya korido inapepesa, akapanda ngazi nyuma yake ili asikie jibu vizuri.

Figo, alitufundisha, hazipigi kelele. Kipimo cha damu kikija kusema zimeumia, ziliumia jana. Kwa hiyo alipoletewa programu ya kompyuta inayokisia ni mgonjwa gani figo zake zitafeli, aliifurahia kama mtoto aliyepewa redio aifungue. Ila aliweka sharti: kila asubuhi, kabla ya skrini kuwashwa, kila mmoja ataje kwa sauti mgonjwa anayemtilia shaka, na sababu. Muuguzi, mfamasia, hata karani ambaye angependelea kukaa kimya. “Mkishaiona kompyuta,” alisema, “mtaacha kumwona mgonjwa.”

Mwaka jana programu hiyo ilikaribia kuzimwa. Kamati ya hospitali ilipitia maonyo yake ikakuta mengi hayakutimia: wagonjwa waliotajwa walitoka na figo zao nzima. Daktari mmoja kijana akatania, “Hii ni kama shangazi yangu, kila safari anaona ajali.”

Daktari Mbona hakubisha. Aliuliza tu: mbona waliosalimika ni wengi hivyo? Akaanza na fundi cherehani aliyelazwa kwa nimonia kali. Programu ilimtaja wakati vipimo vyake vya damu vilikuwa bado safi. Siku hiyohiyo mfamasia alimwondolea antibiotiki inayochosha figo akampa nyingine, dawa ya maumivu, ambayo nayo huziumiza, ikasimamishwa, na wauguzi wakaipandisha presha yake iliyokuwa imeshuka. Fundi akapona, akarudi kwenye cherehani. Kwa kamati, lile lilikuwa onyo la uongo.

Alipofuatilia wengine, mambo yalikuwa yaleyale. Si kwa wote. Kwa baadhi programu ilikosea kweli, na hilo alilisema mbele ya kamati bila kutafuna maneno. Lakini kosa kubwa lilikuwa letu. Tulizuia jambo lisitokee, kisha tukamlaumu aliyetuambia litatokea.

“Nikikwambia chai ni ya moto ukaipuliza, ndugu yangu,” alimwambia mwenyekiti, “nimekudanganya?” Mwenyekiti alicheka, na programu ikaachwa iwake. Sasa kila onyo hupimwa pamoja na tulichokifanya baada yake.

Ugumu wa kazi yako, Daktari, ni kwamba ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Fundi cherehani anajua alilazwa kwa kifua tu. Hawezi kuja kukushukuru kwa figo ambazo hakujua ziko hatarini, wala hawawezi wengine kama yeye.

Tunakuombea afya njema, wajukuu wenye maswali mengi kukuzidi, na usingizi usiokatizwa na simu ya wodini. Na pokea asante kwa niaba ya wote ambao hawatajua kamwe kwamba walikuwa na sababu ya kuisema.