Maestro Leobardo Quintanar Astaafu kwa Mara ya Nne
Na Zenaida Orduña, mpiga matoazi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na kwa kuwa nimepewa ukurasa mzima wa jarida letu, nitalisema mwanzoni ili niweze kuendelea na mengine: mimi sikutaka Maestro Leobardo Quintanar astaafu. Kila mtu katika Orkestra ya Manispaa ya Santa Rita del Tule alitaka apumzike, hata yeye mwenyewe. Mimi peke yangu nilikuwa naomba kimyakimya kitu kiharibike.

Maestro alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 26 Juni 1998, baada ya kutuongoza kwa miaka thelathini na saba. Ilikuwa mara yake ya nne kustaafu. Mwoka keki alipopelekewa oda aliuliza kama aandike "Kwaheri" au "Tuonane Jumatatu".

Kabla ya kuja kwetu, Maestro alitunga muziki wa filamu katika Jiji la Mexico, zile filamu ambamo mwanamieleka mwenye barakoa hupigana na majitu. Wenye filamu hawakuwa na pesa za kulipa wanamuziki na waigizaji pia. Kwa hiyo asubuhi wanamuziki walizungushiwa vitambaa mwili mzima wakawa maiti waliofufuka, na mchana walirekodi muziki bila kufunguliwa, ili wawe tayari kwa kesho yake. Maestro anasema ndiyo maana fidla za filamu hizo zinasikika kama ziko chumba cha pili. Katika filamu nyingine kulikuwa na buibui mkubwa aliyebebwa na watu sita waliojificha ndani yake. Hawakuelewana waende upande gani, na buibui akachukua dakika nane kumfikia mwanamke aliyezirai. Maestro akatunga dakika nane za hofu. Ni muziki mzuri mno. Hapa Santa Rita maharusi huingia nao kanisani, na sijasikia bibi harusi aliyelalamika, maana dakika nane zinatosha hata kwa gauni lenye mkia mrefu.

Kazi yake kubwa hapa mjini ni simfonia ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Siku hiyo fataki hulipuliwa mlangoni pa kanisa na hakuna wa kuzizuia. Waongozaji waliomtangulia waligombana nazo. Yeye aliziandika ndani ya muziki, kisha akamwajiri don Tranquilino, mlipua fataki, kama mwanamuziki kamili. Ukumbini fataki haziwashwi, kwa hiyo wakati wa mazoezi don Tranquilino huketi nyuma ya ngoma na shati lake safi, na zamu yake ikifika husema "pum" kwa mdomo. Nimemwona Maestro akisimamisha orkestra nzima kwa ajili yake.

"Don Tranquilino, pum yako imechelewa."

"Utambi ulikuwa na unyevu, Maestro."

"Basi uanike. Tunarudia."

Mpiga matoazi husubiri sana, na mimi nikisubiri husoma kitabu. Msaidizi wa Maestro, Maestra Eréndira Cuevas, aliona huo ni utovu wa nidhamu. Maestro alikuja hadi kwenye kiti changu, akageuza jalada aone ni kitabu gani, akaniambia nisome tu, ila ukurasa ukiwa mtamu nisimsahau. Nina miaka kumi na sita, na shuleni na nyumbani watu huniuliza kwa nini siongei. Yeye aliniuliza tu nimefika wapi.

Sasa niseme kwa nini alistaafu mara nyingi hivyo. Kwetu anayeondoka hupigiwa wimbo wa kuaga, ule unaowaliza hata wanaume wenye masharubu mazito. Mwaka 1989 tarumbeta ziliingia mapema. Maestro akainuka kwenye kiti cha mgeni wa heshima, akachukua fimbo ya kuongozea, akasema waanze upya. Jumatatu alikuwa kazini kama kawaida. Mwaka 1992 zilikuwa fidla. Mwaka 1995 wimbo ulikwenda safi, lakini Meya alipiga makofi kabla noti ya mwisho haijaisha. Maestro akamfanyisha mazoezi ya makofi, yeye na madiwani wake, na akaona hawawezi kuachwa bila mwalimu.

Mwaka huu haukuwa wa mzaha. Bega lake la kulia limechakaa. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kuongoza, mkono huo hautainuka tena hata kwa kijiko, naye bado ana muziki kichwani anaotaka kuuandika. Mkewe, doña Ofelia, alikuwa amekwisha kufungasha vyombo, hadi sufuria ya mchuzi wa mole, wahamie kwa dada yake Mazatlán, pwani. Siku ya mazoezi ya mwisho Maestro aliweka fimbo chini.

"Nawaomba kitu kimoja, wanangu," alisema. "Ijumaa msinikosee. Mkikosea nitasimama. Najijua."

Don Tranquilino aliapa kwamba siku hiyo hatapiga hata chafya.

Katika wimbo huo, kama Maestro alivyoupanga, matoazi hulia mara moja tu, mwishoni kabisa, baada ya kimya kirefu. Ukiwahi umeharibu, ukichelewa umeharibu. Wiki nzima nilijua kwamba naweza kumrudisha kazini, na kila mtu angesema ni bahati mbaya.

Ijumaa Maestra Eréndira aliongoza. Tarumbeta zilisubiri zamu yao. Fidla zilitembea pamoja. Meya alikuwa ameikalia mikono yake. Doña Ofelia aliushika mkono wa kulia wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, na ule wa kushoto ukawa unahesabu gotini.

Maestro, kwa niaba ya orkestra nzima, asante kwa buibui, kwa fataki, na kwa subira yako kwetu sisi tuliochelewa. Bega lipoe, samaki wa Mazatlán wawe wanono, na doña Ofelia akuachie meza karibu na dirisha uandike kila asubuhi.

Kimya kilipofika nilikuwa nimeshasimama. Kitabu sikuja nacho siku hiyo. Sikumtazama Maestro. Nilimtazama Maestra Eréndira, nikapiga mahali pake. Maestro alibaki ameketi. Niliyaacha matoazi yalie mpaka yakanyamaza yenyewe, kisha nikayafuta, nikayarudisha kwenye mfuko wake, nami nikaketi.