Aliyebisha Mlango Kinama

Nyuma ya soko la Jabe, hapa Bujumbura, chini ya kibaraza cha Twalibu fundi cherehani, kuna benchi ambalo kila siku baada ya sala ya alasiri hukaliwa na watu wale wale. Twalibu mwenyewe tunamwita Sindano. Gélase, aliyekuwa tarishi wa mahakama, ni Juge, yaani hakimu, na hapendi kuitwa vingine. Murhula, mtengeneza simu kutoka Bukavu, ni Batri. Miza huleta birika la kahawa yenye tangawizi nyingi, kwa hiyo ni Mama Tangawizi. Mimi ni Prof, kwa kuwa nilifundisha jiografia katika lise, shule ya sekondari. Katikati ya benchi tunaweka sufuria tupu, na ndani yake simu ya Batri, ili sauti iongezeke. Tunasikiliza vitabu: vya historia, na vya watu waliopotea bila maelezo. Sheria ni moja. Sura moja kwa siku, na hakuna ruhusa ya kutangulia kusikiliza nyumbani.

Siku ninayoieleza, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mashine za wachomeleaji zilinyamaza, redio zilinyamaza, na mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milima ya Kongo mpaka yakakaa juu ya mapaa. Tulikuwa na kitabu cha karani wa boma la Wajerumani, hapa hapa mjini, enzi mji ulipoitwa Usumbura. Karani anaingia ofisini asubuhi ya mvua, anafunga mlango kwa ndani, na mlango unapovunjwa hayumo. Kofia yake iko mezani, na bado inadondosha maji.

Msomaji alikuwa mwanamke. Jina lake halikutajwa mahali popote. Alisoma bila kuigiza, na tarehe alizisoma polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Sura ya kumi na nne ilikwisha. Kama ilivyokuwa mwishoni mwa kila sura, pakapita ukimya mfupi, kisha sauti ile ile, chini zaidi, ikauliza:

“Uko hapo?”

Mlango ukabishwa mara moja. Ko.

“Haya,” akasema mwanamke, na sauti ikakatika.

Batri akainama juu ya sufuria kutafuta sura ya kumi na tano. Haikuwepo.

— Tafuta muzuri, Batri, alisema Juge. Kitabu haiwezi kuishia hapo.

— Nimetafuta, muzee. Cousin yangu wa Uvira iko na kumi na ine. Shemeji yake wa Cibitoke, kumi na ine. Dunia yote iko na kumi na ine.

— Ndiyo maana mi napenda kitabu ya kusikiliza, alisema Sindano bila kuacha kukanyaga cherehani. Ya karatasi, mutu anaruka mpaka page ya mwisho, anajua muuaji, anakuja kutuaribia. Iyi, inabidi usubiri kama wengine.

— Sasa umesubiri, umepata nini? aliuliza Miza.

— Nimepata suruali tatu zimeisha. Mikono yangu iko libre.

— Mi nasema kazi ni ya mukalimani, alisema Juge. Ule mukalimani wa boma. Anatoa jasho sana mu sura ya sita. Nimekaa tribunal miaka, najua jasho ya mutu mwenye kosa.

— We ulikuwa unabeba mafaili, Juge, alisema Miza. Jasho uliona ni yako.

Walicheka. Mimi nilikunywa kahawa yangu. Kila siku nilikaa ncha ya benchi, karibu na sufuria, na kila siku nilingoja sehemu ile ya mwisho kuliko hadithi yenyewe.

— Mukalimani sijue, alisema Batri. Mi kitu inanisumbua ni ile mulango. Kila sura anauliza, kila sura wanagonga. Ni nani?

— Ni mambo ya sheria, alisema Juge. Ni rungu ya hakimu. Séance imefungwa. Mwandishi anataka kuonyesha kama sura ni kesi.

— Na “uko hapo” anauliza hakimu? Hakimu iko amelala? aliuliza Batri.

— Wengine wanalalaka, wallahi, alisema Miza.

— Kiteknik, alisema Batri, ni mashine. Anauliza mashine kama inarekodi bado. Ile ko ni micro inazima.

— Mashine inabisha kwa mufupa? aliuliza Sindano.

Cherehani ikasimama. Pale kijiweni, cherehani ya Sindano ikisimama watu huweka vikombe chini.

— Sikilizeni. Mimi nasikia na masikio ya fundi. Ile ni mufupa ya kidole juu ya mbao. Na iko inasogea. Mu sura ya tatu ilikuwa mbali. Mu sura ya tisa, karibu. Leo, mulisikia leo? Kama iko mu sufuria. Uyu mwanamuke anasomea mu nyumba ile ya karani. Karani iko chini ya sakafu. Anamuuliza, “uko hapo?” Naye anajibu.

— Acha, Sindano! alisema Batri, na akaisogeza simu yake kidogo.

— Apana, si karani, alisema Miza. Nyinyi wanaume hamusikie mwanamuke. Musikilize pumuzi. Uyu amefungwa. Kuna mutu amemufungia mu chumba anamusomesha kwa nguvu. Akimaliza sura anauliza kama mulinzi iko bado. Mulinzi anabisha: niko. Ndiyo maana anasema “haya” vile, kama mutu amekata tamaa.

Upepo wa mvua ukapita chini ya kibaraza, ukageuza kona za vitambaa. Msichana mmoja aliingia akikimbia manyunyu, mkononi ana simu yenye kioo kilichopasuka. Alisema anaitwa Raïssa, ni mwanafunzi, akauliza kama Batri ana nafasi ya kuitengeneza. Batri alimwonyesha mahali pa kukaa, karibu na mimi, na Miza akampa kikombe.

— Mulinzi ao karani, alisema Juge, uyu mwanamuke ametudanganya. Amechoka na kazi, ametuacha njiani. Ni muvivu, voilà. Mutu wa heshima angemaliza.

— Alimaliza, nilisema.

Walinigeukia wote. Kwa kawaida sisemi sana pale.

— Prof, umejuaje? aliuliza Batri.

— Sura ya kumi na tano ninayo. Iko kwenye simu hii.

— Eh! Na umetuacha tunateseka! alisema Sindano. We Prof ni mutu mubaya kabisa. Umeivunja sheria, umesikiliza nyumbani!

— Sijaisikiliza. Msomaji ni Daphrose, mke wangu.

Walijua kwamba nimefiwa. Nilikuwa nimehama mtaa wa Kinama baada ya mazishi, nikaja kuishi kwa dada yangu hapa Jabe, na mtu anayekuja hivyo na sanduku moja hahitaji kueleza. Lakini sauti hawakuijua. Walipokuwa wakiisifu na kuigombania jioni baada ya jioni, nilinyamaza, kwa kuwa mahali pengine hakuna aliyekuwa akimzungumzia kama mtu aliyepo.

— Innalillahi, alisema Miza. Prof. Na mi nimesema ati amefungwa.

— Yule mlinzi ni mimi, nilimwambia.

Nikawaeleza jinsi tulivyofanya kazi. Daphrose alisoma umeme ulipokatika tu, kwa sababu ndipo Kinama inaponyamaza. Tuliegemeza godoro dirishani, akakaa kitandani na kinasa sauti, mlango umefungwa. Mimi nilikaa kwenye kigoda ukumbini, kuwazuia wanaopita na kuwatuliza watoto wa jirani. Akimaliza sura aliuliza kama niko, na mimi nilibisha mara moja: niko, hakuna kelele iliyoingia. Ningejibu kwa mdomo angelazimika kusema zaidi, na kifua chake hakikuwa na pumzi za ziada. Kipande hicho kilipaswa kukatwa. Waliotengeneza kitabu walisahau kukikata, sura baada ya sura.

— Donc karani hayuko chini ya sakafu, alisema Sindano kwa sauti ndogo.

— Hayuko.

— Pole sana, Prof. Mi mudomo yangu!

— Na sura ya mwisho? aliuliza Batri. Kwa nini haukuwapa wale watu wa kitabu?

Nilifikiri namna ya kujibu kwa usahihi. Sauti yake katika zile nyingine zote ninaijua neno kwa neno. Hii ndiyo pekee iliyobaki na maneno ambayo sijamsikia akiyasema. Nikiisikiliza, yatakuwa yamekwisha. Hilo niliwaambia. Kisha nikawaambia na la pili, ambalo ndilo zito.

— Siku aliyoisoma sikuwepo. Alinituma mjini kuchukua dawa, akasema atapumzika. Hakuweza kuinuka kufungua, kwa hiyo nilifunga mlango wa nje na kuondoka na ufunguo. Nyumba ilikuwa na ufunguo mmoja.

Nikautoa mfukoni, nikauweka kwenye benchi kando ya sufuria. Nyumba ile sasa ina wapangaji wengine na kitasa kipya, lakini ufunguo sijautupa.

— Niliporudi nilimkuta amelala. Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, sura imesomwa yote. Ina maana alifika mwisho akauliza, kwa mazoea, na hakuna aliyembishia. Wiki iliyofuata alifia hospitali. Ninaweza kuvumilia mengi. Kumsikia akiuliza na kukosa jibu, sijajua kama ninaweza.

Mvua ikaanza, si kubwa. Juge alivua kofia yake akaiweka gotini.

— Tuiache, Prof, alisema. Mi nilisema neno mubaya juu ya mama. Tuiache. Kitabu imeisha.

— Ulisema hakumaliza, nilimjibu. Utasikia kwamba alimaliza.

Nikaiweka simu yangu ndani ya sufuria.

Alisoma vizuri. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyokumbuka, na kati ya sentensi niliweza kusikia pumzi ikitafutwa. Lakini hakuruka neno. Tarehe alizishuka polepole, kama siku zote. Mlango wa boma, kumbe, haukufungwa na karani; mkalimani aliufunga kwa nje na kuapa mbele ya watu kwamba ulifungwa kwa ndani, naye ndiye aliyeilowesha kofia. Juge alikuwa sahihi tangu sura ya sita. Batri alikuwa na bisibisi mkononi na haikugusa simu ya Raïssa hata mara moja. Kahawa ilipoa.

Sentensi ya mwisho ikaisha. Kisha ukimya, ule ukimya wa chumba chenye godoro dirishani. Nilikishika kikombe changu kwa mikono miwili.

“Uko hapo?” aliuliza Daphrose.

Nilihesabu pumzi zake. Moja. Ya pili, yenye mkwaruzo. Nilikuwa nanyosha mkono kuizima simu.

Ko.

Mara moja. Mfupa wa kidole juu ya mbao, kwa nguvu ile ile, na umbali ule ule kama wa upande wa pili wa mlango.

Hakusema “haya”. Alicheka kidogo, kile kicheko chake kisichofika kooni, na akasema, kwa furaha ambayo nilikuwa sijaisikia kwake tangu alipoanza kuugua:

“Kumbe! Umerudi mapema.”

Kitanda kikalia, kama mtu anayejisogeza kumpa mwingine nafasi. Sauti ikakatika.

Mvua iliendelea juu ya bati. Sindano alitazama mlango wa duka lake, kisha akatazama kwingine. Batri akaichukua simu yangu kutoka kwenye sufuria kwa vidole viwili, akaigeuza kuangalia nyuma yake, akanirudishia.

— Prof, pengine ulirudi, ukasahau, alisema Juge. Huzuni inafanyaka mutu anasahau.

— Nilirudi jioni. Nilimkuta amelala.

— Ao jirani.

— Mlango ulikuwa umefungwa, Juge. Ufunguo ni ule.

Wakautazama. Miza aliinua birika ajaze kikombe changu, akaliinamisha kabisa, na hakuna kilichotoka. Aliendelea kulishika hivyo hivyo.

Raïssa ndiye peke yake ambaye hakuwa amesikia sura kumi na nne za kabla, wala mahakama, wala mashine, wala mtu wa chini ya sakafu. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyechelewa darasani na anaogopa kuonekana mjinga.

— Pardon, aliniuliza. Mama alifikiri ni wewe, muzee. Sasa yule alimusogezea nafasi mu kitanda, ni nani?

Jioni ilipoingia walianza kuondoka, wakinipa mkono mmoja mmoja kama msibani, na kila aliyeinuka aliuzunguka upande ule wa benchi. Ufunguo ulikuwa pale pale nilipouweka. Hakuna aliyetaka kuushika, hata ili anipe.