Kadi Isiyo na Nafasi ya Baba

Mgeni rasmi, Profesa, uliye Mkurugenzi wetu mpya; msimamizi wetu; na ninyi nyote mliosimama kwa kukosa viti: karibuni nyumba ya panya.

Kukukaribisha

Kwanza, pole kwa harufu. Sisi tuliisahau zamani, ila tukipanda basi watu hutukumbusha kwa kusogea. Tunashukuru umeingia mpaka ndani, maana wageni wengi huishia kwenye kioo cha mlangoni, wakapunga mkono, wakaenda zao. Tuko wanne: muosha vizimba, ambaye tunamwita Sabuni, mpima chakula, karani wa kadi, na mimi ninayesoma, mkunga. Ukunga nilipewa kwa utani, kwa kuwa kazi yangu ni kuangalia majike waliopandwa na kuhesabu watoto wakizaliwa. Nimeshauzoea.

Tulikotoka

Nyumba hii ilianza na vizimba ishirini, leo ni mia sita. Watafiti wa ghorofani wanachunguza jinsi jeni zinavyomjenga kiumbe tumboni: ipi inauanzisha moyo kudunda, ipi inajenga kondo la kumlisha, na kwa nini wengine hukomea njiani. Panya hubeba mimba siku ishirini hivi, kwa hiyo sisi tumeona mianzo mingi na miisho mingi.

Panya hawajui Jumapili. Lazima mmoja wetu aje, na kwa miaka kumi na moja mmoja huyo ni mimi. Wenzangu wana watoto wa kupeleka huku na huko. Kwangu kuna viti viwili, kimoja nakalia na kingine naweka nguo, na huku angalau kuna wanaosubiri maji yangu. Upweke ninao, siufichi. Nautaja kwa sababu ndio ulionifanya nilione kosa letu.

Kosa letu, ambalo pia ndilo fanikio letu

Hapa kwetu dume hakai. Anawekwa na jike, na asubuhi tukiona alama kwamba jike amepandwa, dume anahamishiwa kwa mwingine. Kizimba kinabaki cha mama, na kadi inayoning'inia mlangoni ni ya mama. Mstari wa baba haumo.

Katika kundi la kumi na nne, ambalo hakuna aliyezigusa jeni zake, tulianza kupata watoto wanne pale tulipozoea wanane. Karani aliandika kwenye kadi ya mama: mzazi dhaifu. Ikiandikwa mara tatu, jike anaondolewa. Kuondolewa, Profesa, unajua maana yake. Tuliwaondoa majike thelathini na mmoja, na sahihi ya kila kadi ni yangu.

Jumapili moja, kwa kukosa wa kuongea naye, nilichukua daftari la kuhamisha vizimba nikaanza kuwafuata madume. Nikakuta walikopita madume fulani watatu, nusu ya watoto hawakuzaliwa, kwa jike yeyote yule. Majike hao hao wakiwekwa na dume mwingine, wanazaa wanane bila shida.

Tulipeleka daftari ghorofani. Mtafiti alilisoma, akavuta kiti akakaa. Baada ya vipimo alitueleza kwamba kuna jeni ambazo mtoto huzipata kwa wazazi wote wawili, lakini inayofanya kazi ni ile ya baba peke yake. Ya mama imenyamazishwa. Mojawapo hujenga kondo. Madume wale waliirithi ikiwa mbovu kutoka kwa mama zao, ikiwa imenyamaza, kwa hiyo wao ni wazima, wanene, manyoya yanang'aa. Wakipata watoto, nusu yao wanairithi, kondo halijengeki, na mnamo siku ya kumi wanakoma. Mama hana kosa lolote.

Tulipongezwa, tukapigwa picha. Halafu tukawakumbuka wale thelathini na mmoja, na Sabuni akaenda kuosha vizimba ambavyo vilikuwa safi.

Changamoto

Feni ya chumba cha pili imekufa. Glovu zinaletwa za mikono ya majitu. Kadi mpya bado hazijachapwa.

Iko nyingine. Mmoja wetu aliolewa miaka tisa, akapoteza mimba tano. Mmoja huyo ni mimi. Hospitali kulikuwa na faili moja tu, langu. Mume wangu alikuwa akinisubiri nje, chini ya kivuli, na hakuna aliyemwita ndani. Mama mkwe alisema: "Mwanangu mzima kabisa. Tatizo ni tumbo lako." Nilifunga begi nikaondoka kimya, maana hata mimi niliamini.

Wiki mbili zilizopita mlinzi aliniita getini. Aliyenisubiri alikuwa mke aliyeolewa baada yangu, binti mdogo, sijawahi kumwona. Tulikaa kwenye benchi, kando ya magunia ya maranda ya kutandikia vizimba. Hakunisalimia vizuri, alishindwa.

Akasema, "Dada, mimi nimepoteza watatu sasa. Wewe walikuwa wangapi?"

Nikamwambia watano. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza idadi. Akaniambia mama mkwe amempa mpaka mwisho wa mwezi, na begi lake limeshashushwa kutoka juu ya kabati. Kabati hilo nalijua.

Maombi

La kwanza, kadi yenye mstari wa baba. La pili, feni.

La tatu msimamizi wetu alilikata kwa kalamu nyekundu, akasema mambo ya ndoa hayaletwi kazini. Yeye ni mtu mwema na hatugombani naye. Ila wenzangu waliniambia nisipolisoma, watalisoma wao watatu kwa sauti moja, na Sabuni hana sauti nzuri.

Profesa, hatusemi yule bwana ana hitilafu ya panya wetu. Panya ni panya, na mimba ya binadamu huharibika kwa sababu nyingi. Tunachosema ni kwamba hajapimwa. Tunaomba barua yako ya kumwita kwenye kliniki ya uzazi iliyo chini yako, yeye na mkewe, wapimwe wote wawili siku moja. Mama yake hanisikilizi mimi, lakini barua yenye muhuri huisoma akiwa amesimama. Kwangu imeshachelewa, na nimekubali. Huyu bado ana wiki moja.

Barua karani ameshaichapa, imo kwenye bahasha hii. Imebaki sahihi yako. Kalamu hii hapa.

Mungu akujalie afya, akuongoze katika kazi yako mpya, na awalinde wote unaowapenda, waliozaliwa na wasiozaliwa.

Ni sisi, wahudumu wa nyumba ya panya: wanne tuliomo humu ndani, na mmoja aliyeko nje kwenye benchi la maranda, ambaye hakutaka kuingia kwa sababu amekuja na begi lake, kabla hata ya wiki hiyo kwisha.