Geti la Nyuma

Ndani ya basi, fundi cherehani alikaa nyuma ya mama mmoja na mtunza bustani, shughuli yake ikiwa ni kutazama dirishani na kusikiliza.

"Sheria ya maji tumeizunguka," mtunza bustani alimwambia mama aliyeketi naye. "Nyumba namba kumi na mbili inamwagilia leo, kumi na tatu kesho. Bosi wangu ni kumi na mbili, ila kabandika kumi na tatu geti la nyuma. Tunamwagilia kila siku."

"Na mwenye kumi na tatu ya kweli?"

"Simjui, mama. Nina wiki mbili tu pale."

"Mchicha wake umekauka. Siku yake ikifika, bomba linakoroma tu."

Fundi akaacha kujifanya anatazama dirishani.

"Umejuaje, mama?" mtunza bustani aliuliza.

Basi likasimama. Mama akachukua mfuko wake. "Twende, baba. Tunashuka pamoja."