Jezi Isiyo na Tope

Treni ilikuwa haijafika hata kituo cha pili, na fundi bomba ameshapandisha sauti. "Kipa gani haruki? Yule alisimama pale kama mlingoti wa tatu!"

Mwalimu mstaafu aliyekaa naye akakunja gazeti kwa hasira. Hawakuwa wanajuana, mpira ndio uliowagombanisha. "Anayeruka ni aliyechelewa, bwana mdogo! Yule, mpira ukipigwa, ameshafika, anaudaka kifuani kama anapokea mtoto mchanga. Nyinyi mkasema eti washambuliaji hawajui kulenga. Wote? Misimu tisa?"

"Basi mbona kocha alimweka benchi siku ya fainali?"

"Umbea! Kuna mtu alimpelekea kocha maneno kwamba hajitumi. Akapangwa mwingine, wa kuruka kama panzi, tukapigwa nne. Ningemjua huyo mtu, pamoja na uzee wangu huu, angenitambua!"

Kiti cha nyuma yao, mama aliyekuwa akiifulia timu ile jezi alijikuta anatazama viganja vyake. Kila wiki jezi kumi zilirudi zimejaa tope, ya kipa safi. Ndipo alipomwambia kocha, bila kuulizwa, kwamba mvivu hujulikana kwenye beseni. Kocha alicheka, lakini neno lilimwingia.

Treni ikasimama. Mama akainuka. Mwalimu, bado anafoka, akasogeza magoti ampishe. "Pita, dada yangu. Hebu sema na wewe, ile ilikuwa haki?"

Mama akashuka. Hakikuwa kituo chake.