Mtu Aliyefukia Majani: Maisha ya Eustaki Mwanandenje wa Kate (1961–2025)

Padre wetu, katekista, majirani wa Kate na ninyi mliotoka mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Wasifu huu umeandikwa na dada wa marehemu, Kristiana, naye ndiye anayeusoma. Eustaki hakupenda hotuba. Angekuwa amekaa hapo kwenye benchi, angeshaanza kutazama mawingu na kuuliza kama tunamaliza au hatumalizi.

Eustaki alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 hapahapa Kate, mtoto wa pili wa marehemu mzee Zephania Mwanandenje na marehemu mama Agnesi. Ulikuwa mwezi wa kufukia majani, na mama alizoea kusimulia kwamba uchungu ulimshika jembe likiwa mkononi. Kwa wageni tueleze kidogo. Sisi Wafipa, mvua zinapoelekea ukingoni, hulima majani yakiwa mabichi, tukayakusanya na kuyafunika kwa udongo yakawa matuta ya mviringo, ndiyo tunayoyaita intumba. Majani yanaozea humo ndani. Juu tunapanda maharage, na mwaka unaofuata tunalisambaza tuta na kupanda ulezi. Ndiyo mbolea tuliyoachiwa na wazee. Ni kazi inayovunja mgongo, tusidanganyane.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini tangu 1969 hadi 1975. Hesabu alizipenda, lakini nafasi za sekondari zilikuwa za kutafuta kwa tochi, naye hakuchaguliwa. Katika bustani ya shule kila mtoto alipewa tuta lake. Eustaki akapanda vitunguu katikati na mchicha pembeni, ili pasibaki mahali pa bure. Mwalimu alimchapa kwa kuharibu mstari, kisha akauchuma ule mchicha akaupeleka nyumbani kwake. Eustaki aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni, na kila mara aliicheka upya.

Alipomaliza shule alifanya kazi katika shamba la misheni, akajifunza kufundisha maksai. Mwaka 1984 baba yetu alifariki, Eustaki akarithi shamba hili tulimosimama leo. Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Mariana, binti wa kijiji cha Kaoze, kule bondeni. Alimpata aliposhuka bondeni na mzigo wa maharage kubadilisha na mchele. Ndugu zake Mariana walimwonya kwamba huku juu atakufa kwa baridi. Akawajibu, "Baridi ina blanketi. Mume mvivu ana dawa gani?" Mungu aliwajalia watoto watatu: Jastin, Alphonce na Lydia.

Sasa tuseme na kosa lake, maana wasifu usio na kosa ni wa mtu ambaye hakuwahi kulima. Mwaka 1998, kama wengi wetu, Eustaki aliingia kwenye mahindi ya kisasa. Kufukia majani kulionekana ni kupoteza muda. Akayachoma, akalima shamba sesa, yaani tambarare bila matuta, kwa maksai, akakodi na mashamba ya majirani, akamwaga mbolea ya dukani. Mama alikuwa bado hai, akamwambia, "Mwanangu, ukichoma majani leo, kesho udongo utakula nini?" Eustaki alikuwa na haraka. Na kwa kweli miaka ya mwanzo ilimpa haki: malori yalikuja mpaka mlangoni, nyumba ikapata bati, na Mariana akapata cherehani.

Kisha udongo ukachoka. Mahindi yakawa yanafika magotini yanageuka manjano, na kila mwaka yalidai mbolea zaidi na kutoa mavuno machache kuliko mwaka uliopita. Mwaka 2009 ndipo mambo yalipomwishia. Nchi nzima ilivuna vizuri, malori hayakuja, na magunia yake yaliliwa na dumuzi, wale wadudu wa ghalani, uani huku yeye anayatazama. Alikaa chini pale kwenye ngazi, akamwambia mkewe, "Mariana, tunalima sana na tunakula kidogo. Kuna mahali tunavuja."

Kuanzia hapo akaanza kuziba. Mashamba ya kukodi aliyarudisha yote, akabaki na hili moja. Watu walisema Eustaki kafilisika. Akarudi kwenye matuta ya majani, kipande kimoja kila mwaka, bila pupa. Zizi alilihamishia juu ya mteremko ili mvua iteremshe samadi shambani bila kumlipa mtu. Harufu ikahamia jikoni. Mariana alipolalamika, alimjibu, "Chagua, mke wangu: unataka mahindi au unataka marashi?" Mariana akahamisha jiko.

Mahindi alipunguza, maharage akaongeza. Hakuuza tena msimu wa mavuno, wakati kila mtu anauza. Maharage aliyachambua nyumbani, kila aina mfuko wake, hakuna jiwe, hakuna harage lililotobolewa. Pale Majengo, Sumbawanga mjini, wafanyabiashara walimzoea kiasi kwamba hawakufungua mfuko wake kukagua. Walisema, "Haya ni ya Eustaki, pima." Jirani yetu Lazaro, aliyekuwa akimwita mtu wa enzi za babu, alikuja siku moja kuomba mbegu. Eustaki alimpa, halafu akamtania mwaka mzima. Alikuwa na msemo wake: shamba si ukubwa, shamba ni tumbo, uliza kwanza limekula nini. Kwa shamba hilohilo dogo alimsomesha Lydia uuguzi mpaka akamaliza.

Udongo haurudi kwa mwaka mmoja. Huu wa Eustaki ulichukua miaka mingi, na uliporudi ulirudi mweusi, laini, una minyoo. Tatizo ni kwamba ulirudi yeye akiwa mzee. Jastin ana duka lake Majengo. Alphonce yuko machimboni. Lydia yuko wodini, anahudumia wagonjwa wa watu wengine. Aliwaita mmoja mmoja, akawaambia kwamba sasa shamba linalipa, waje walione. Walikuja Krismasi, wakaliona, wakala maharage, wakaondoka. Vijana wa kijiji nao wanasema kazi ya matuta ni ya adhabu. Alifanikiwa katika jambo ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Inauma kulisema mbele yake akiwa kwenye jeneza, lakini aliujua ukweli huu kabla yetu.

Mwezi Mei 2022 alianza kupata shida ya kumeza. Alitibiwa Sumbawanga, akapelekwa Mbeya, ikaonekana ni saratani ya koo. Maksai waliuzwa kwanza. Mbuzi wakafuata, na samadi ikaishia hapo. Oktoba mwaka jana Jastin alileta mnunuzi wa shamba, na familia ikakubali kwa ajili ya matibabu. Eustaki pia aliweka saini yake. Makubaliano ni kwamba tuvune kwanza maharage ya msimu huu, kisha tukabidhi.

Hatumlaumu Jastin. Alimbeba baba yake mgongoni mpaka kwenye gari, siyo mara moja. Tumetafuta wa kumlaumu katika habari hii tumemkosa, na hasira isiyo na wa kumshukia hurudi tumboni mwa mwenyewe.

Januari, sauti ikiwa imebaki ya kunong'ona, Eustaki alituita sote akasema tumzike katikati ya shamba, penye udongo mzuri kuliko pote. Tulishangaa. Huyu ni mtu aliyekuwa akigombana na wapita njia kwa kukanyaga ukingo.

Jastin alimwambia kwa upole, "Baba, kaburi katikati ya shamba? Mnunuzi si atakimbia?"

"Basi akimbie," akasema Eustaki.

Mariana alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Jastin alitoka nje. Aliporudi alisema, "Sawa, Baba. Iwe hivyo."

Jumanne tarehe 18 Februari, asubuhi, Mariana alimtoa nje kwenye kiti, akamfunika blanketi, akamgeuza aelekee shambani. Zilikuwa siku za kufukia. Majani yalikuwa yamefika kiunoni na hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye jembe. Alitazama kwa muda mrefu. Akanong'ona, "Majani yanakomaa bure." Mariana akaingia ndani kumchukulia uji, na alipotoka, mumewe alikuwa ameshatutoka.

Jana waliochimba kaburi walimaliza mapema. Wamezoea udongo wa huku, unaogonga jembe kama jiwe, na walikuja na sururu. Sururu hazikuhitajika. Lazaro alisimama ndani ya shimo, akachukua udongo mkononi, akautazama.

Mnunuzi naye alifika. Ni mtu mstaarabu, alitoa rambirambi na kumshika mjane mkono. Alitembea mpaka kwenye kaburi, akalizunguka, akatuambia tusiwe na wasiwasi, kaburi halitaguswa. Ataliwekea uzio. Majani atayachoma, matuta atayasawazisha kabla ya mvua zijazo, na trekta litapita pembeni. Tulimshukuru. Tungesema nini kingine?

Eustaki Mwanandenje ameacha mjane, Mariana, watoto watatu, Jastin, Alphonce na Lydia, wajukuu wanne, na dada yake Kristiana, aliyebaki peke yake kati ya watoto wa mzee Zephania. Ameacha pia shamba moja lenye udongo mweusi, litakaloitwa letu mpaka maharage yavunwe.

Bwana ampe Eustaki amani ambayo sisi tumeshindwa kumpa. Amina.